Kitabu cha Viumbe wa Ajabu cha Newt Scamander: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jumamosi asubuhi huwa nawasomea watoto wa mtaani kwetu, barazani, na sijaona kitabu kinachozua maswali kama hiki. Wanauliza watoto, wanauliza wazazi waliokuwa wakipita tu wakasimama kusikiliza, na wanauliza watu wazima waliosoma Harry Potter zamani shuleni na sasa wamekiona kitabu hiki mahali, hawajui ni nini. Haya hapa ni yale yanayorudi kila mara, na majibu ninayoyatoa.

Hiki ni kitabu gani hasa?

Kinaitwa Fantastic Beasts and Where to Find Them, na kilitoka Machi 2001. Ila jina lake lilitangulia. Katika kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kilichotoka 1997, Harry anapata barua ya kujiunga na shule ya uchawi ya Hogwarts, na ndani yake mna orodha ya vitabu vya kiada vya mwaka wa kwanza. Hiki ni kimojawapo. Miaka minne baadaye J.K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, alikaa akakiandika kweli, kikachapishwa na kuuzwa madukani. Kwa hiyo ukikishika mkononi umeshika kitabu cha darasani cha shule isiyokuwepo, kilekile alichokuwa nacho Harry begani.

Ndani kimepangwa kwa alfabeti. Kinaanza na Acromantula, buibui mkubwa anayezungumza, kinaishia na Yeti wa Tibet, na kati yao wamo wanyama wengine kwa makumi, kila mmoja na mahali anapoishi, anachokula na hatari yake.

Kwa hiyo si hadithi?

Si hadithi. Hakuna shujaa, hakuna mkasa unaoanza ukaisha. Watu wengine hukifungua wakitarajia Harry na rafiki zake, wakakuta maelezo ya konokono, wakakiweka chini. Nawasihi wasikiweke. Someni utangulizi kwanza, halafu fungueni popote. Mimi humwambia mtoto ataje herufi yoyote, tunafungua hapo, tunasoma mnyama mmoja, tunafunga. Kitabu cha namna hii huonjwa kama karanga za kukaanga, punje moja moja, na ukija kushtuka mfuko umekwisha.

Mwandishi ni Newt Scamander au ni Rowling?

Aliyeandika ni Rowling. Newt Scamander ni mtu wa kubuni, lakini kabuniwa kwa uangalifu mkubwa hata akawa na maisha yake kamili. Kazaliwa 1897. Mama yake alikuwa akifuga hippogriff, wale wenye kichwa na mabawa ya tai na mwili wa farasi, kwa hiyo mtoto alikulia zizini. Aliajiriwa katika Wizara ya Uchawi, akakaa miaka miwili katika ofisi ya kuhamisha elfi wa nyumbani, wale watumishi wadogo wa wachawi, kazi iliyomchosha kupita kiasi, kisha akahamia kwa wanyama. Mwaka 1918 mchapishaji aitwaye Augustus Worme akamwomba aandike kitabu, na toleo la kwanza likatoka 1927. Kile cha 2001 kinajitambulisha kuwa toleo la 52.

Kuna mambo mawili yaliyonifanya nimpende mtu huyu. La kwanza, anasema alifika kwenye mapango na viota vya mabara matano, akapata imani ya wanyama, na mara mojamoja akalazimika kuwafukuza kwa birika lake la safari. Anataja birika, wala hataji upanga. La pili, wasifu wake unapomalizika tunaambiwa anaishi Dorset na mkewe Porpentina na wanyama wao watatu wa kufuga, Hoppy, Milly na Mauler, wakitajwa kwa majina kama watoto wa nyumbani.

Nimenunua nakala, nikaikuta imeandikwaandikwa kwa kalamu. Nirudishe dukani?

Usirudishe, ndivyo ilivyochapwa. Toleo la 2001 limetengenezwa lionekane ni nakala ya Harry mwenyewe, na rafiki yake Ron anachangia kwa sababu cha kwake kimechanikachanika. Wameandika pembeni, wamekosoa, na rafiki yao Hermione naye ametia neno. Mahali Newt anaposema kwamba basiliski, yule nyoka mkubwa muuaji, hajaonekana Uingereza kwa miaka isiyopungua mia nne, pembeni pana mwandiko wa mkono unaompinga. Msomaji wa kitabu cha pili cha mfululizo anajua kwa nini.

Watoto wanapenda hapo kuliko penginepo. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kurithi kitabu cha kaka yake kikiwa na majina ya timu za mpira kwenye majalada anaelewa mara moja.

Zile alama za X ni za nini?

Ni kipimo cha hatari kilichowekwa na Wizara. X moja ni kiumbe asiye na lolote, mfano Flobberworm, mnyoo wa kahawia asiye na meno anayekula majani ya saladi. X mbili hana madhara na anaweza kufugwa. X tatu, mchawi mwenye ujuzi wa kawaida ataweza kumkabili. X nne ni hatari, anahitaji mtaalamu. X tano ni muuaji anayejulikana, hafugiki, hafundishiki: majoka wote, basiliski, Acromantula. Kwenye hizo X tano kuna mwandiko pembeni unaosema, kwa maana, “au chochote anachokipenda Hagrid,” yule jitu wa Hogwarts anayependa viumbe hatari.

Ila angalia vizuri, kwa maana watu wengi hudhani X nne daima ni ukali. Feniksi, ndege anayezaliwa upya kutoka majivuni, ana X nne, na si kwamba anamuumiza mtu. Ni wachawi wachache mno walioweza kumfuga. Kentauro, nusu mtu nusu farasi, ana X nne kwa heshima. Nikimsomea mtoto, tunasimama hapo tukaulizana: hivi mtu anaweza kuogopwa na kuheshimiwa kwa alama ileile?

Utangulizi una sehemu ndefu kuhusu “mnyama ni nini.” Niiruke?

Hapana! Hata ukiruka kurasa nyingine zote, hizo usiziruke. Kwangu mimi ndizo kiini cha kitabu.

Newt anasimulia jinsi wachawi walivyohangaika kwa karne nyingi na swali moja: nani ahesabiwe mnyama, na nani ahesabiwe mwenzetu mwenye haki ya kuketi barazani? Karne ya 14 mkuu wa Baraza la Wachawi, Burdock Muldoon, aliona jibu ni rahisi. Mwenye miguu miwili ni mwenzetu, aliyebaki ni mnyama. Akawaita wenzetu wote mkutanoni. Magoblini, vijitu wajanja wa ngano za Ulaya, wakaja na kila kiumbe wa miguu miwili waliyeweza kumpata njiani. Ukumbi ukajaa ndege wanaopiga kelele, majitu yakavunja vitu, na mkutano ukafa pale pale.

Akaja Elfrida Clagg na kigezo kingine: anayezungumza lugha ya binadamu. Magoblini wakayafundisha majitu maneno mawili matatu, yakaingia. Mizuka wakatoka kwa hasira, wakisema Baraza linawajali walio hai tu. Na kentauro, ambao wanazungumza vizuri kabisa, wakasusa. Kwa nini? Kwa sababu nguva walifungiwa nje. Nje ya maji nguva hawawezi kutamka lugha ya binadamu. Kentauro wakaona si haki kuingia mlango ambao jirani yao kafungiwa.

Ikabidi kungojea hadi 1811, Waziri Grogan Stump alipotoa tafsiri iliyodumu: mwenzetu ni kiumbe mwenye akili ya kutosha kuelewa sheria za jamii na kubeba sehemu ya jukumu la kuzitunga. Na hata hapo kentauro walikataa kuingizwa kwenye orodha ya wenzetu, kwa sababu wangekaa humo pamoja na vikongwe wanaokula watoto na wanyonya damu. Wakaomba wabaki wanyama. Nguva nao wakafuata. Ndiyo maana wamo katika kitabu hiki: wamo kwa kutaka kwao.

Huwa nasoma sehemu hii polepole, kwa sababu kwa Kiswahili ina ladha yake ya pekee. Lugha yetu haikuwatenga. Mwalimu anakuja, simba anakuja, jini anakuja, wote kwa kiambishi kimoja. Unaoanguka ni mti. Muldoon angekuja kwetu angekuta kaida ya sarufi imeshawaketisha mtu na mnyama mkeka mmoja. Swali la nani asikilizwe lingebaki, maana sarufi haitoi haki, lakini lingeanzia mahali pengine.

Kuna viumbe wa Afrika humo?

Wapo, na si wa kuhesabu kidoleni tu. Erumpent ni mnyama wa kijivu mwenye uzito wa kufikia tani nzima, ambaye kwa mbali unaweza kudhani ni kifaru. Hashambulii mpaka achokozwe sana, lakini pembe yake hupenya hata chuma, na kilichochomwa nayo hulipuka. Hawazidi kuwa wengi kwa sababu madume hulipuana wakati wa kupandana. Fwooper ni ndege wa rangi za kung'aa, machungwa, waridi, kijani cha ndimu, manjano, na wimbo wake ukiusikiliza muda mrefu unarukwa na akili. Kwa hiyo huuzwa akiwa amenyamazishwa kwa uganga. Streeler ni konokono mkubwa anayebadilika rangi kila saa na kuunguza majani anakopita.

Tebo ni ngiri wa rangi ya majivu anayeweza kutoweka machoni. Kitabu kinasema anapatikana “Kongo na Zaire.” Rafiki zangu wa Lubumbashi wana haki ya kunung'unika hapo, kwani kitabu kilipotoka 2001 nchi yao ilikuwa imeacha kuitwa Zaire tangu Mei 1997.

Ninayempenda kuliko wote ni Runespoor wa Burkina Faso, nyoka wa rangi ya machungwa na mistari myeusi, mwenye vichwa vitatu. Cha kushoto hupanga safari: wapi tuende, tufanye nini. Cha kati huota ndoto, na nyoka mzima anaweza kukaa siku kadhaa kimya kikiwaza mambo yake mazuri. Cha kulia hukosoa kila kitu vingine viwili vinachofanya, kwa sauti isiyokoma. Basi mara nyingi utamkuta Runespoor hana kichwa cha kulia: viwili vimeshirikiana kukikata. Nilipomsomea mama mmoja mwenye watoto watatu akacheka mpaka akakaa chini, akasema, “Mwalimu, huyo nyoka anaishi kwangu.”

Na Nundu? Ni yule nunda wa bibi zetu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi ya yote. Kwanza kitabu kinavyosema. Nundu anaishi Afrika Mashariki. Ni chui mkubwa kupita kiasi, anayetembea bila kishindo licha ya ukubwa wake, na pumzi yake ina maradhi yanayoweza kumaliza kijiji kizima. Newt anasema huenda ndiye mnyama hatari kuliko wote duniani, na hajawahi kushindwa na wachawi mahiri waliopungua mia moja. Ana X tano, na angekuwa na zaidi kama zingekuwepo.

Msomaji wa Kiswahili anapofika hapo, jambo la kwanza analoliona ni jina. Kwetu nundu ni ile ya ng'ombe, mgongoni. Mla watu ni nunda. Herufi moja imepinda njiani. Lakini paka mkubwa, wa pwani hii hii, asiyeshindika: jina, mahali na umbo vyote vinaelekeza upande mmoja, na mimi sioni sababu ya kutafuta kwingine.

Nunda wetu ana maandishi ya zamani. Edward Steere, mmisionari aliyekusanya ngano za Unguja, alichapisha London mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Kiswahili, na humo imo ile ya Sultani Majinuni na wanawe saba. Sultani ana paka. Paka anakamata ndama. Watu wanamwendea Sultani, naye anajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Kesho mbuzi, ni wake pia. Kesho ng'ombe, punda, ngamia. Kila siku mali ya Sultani inaliwa na paka wa Sultani, na kila siku Sultani anasema hivyo hivyo, mpaka paka anakula watoto wa watu, kisha watoto wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani anapokiri kuwa huyu si paka tena, ni nunda.

Anayekwenda kumtafuta ni mwana wa mwisho, yule aliyedharauliwa. Hajui nunda anafananaje. Anaua mnyama, anamkokota mpaka nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba amemuua nunda mla watu. Mama anatazama, anajibu: mwanangu, siye. Anarudi porini. Anaua mwingine mkubwa zaidi. Mwanangu, siye. Anapanda kutoka mbwa na fungo hadi kifaru na tembo, na kila mara mama anamwambia alama za nunda: masikio, madoa, unene wa mkia. Mwishowe anamkuta mlimani amelala.

Niliwahi kusoma ukurasa wa Nundu nyumbani, Tanga, bibi yangu akiwa anachambua mchele kwenye ungo karibu yetu. Nilidhani hasikilizi. Nilipofika kwenye wale wachawi mia, mkono wake ukasimama juu ya ungo. “Mia?” akasema. “Na mama yao yuko wapi, wa kuwaambia siye?” Akaendelea kuchambua. Tangu siku hiyo nimeacha kuusoma ukurasa ule peke yake. Nasoma Newt, halafu nasimulia Sultani Majinuni, na watoto wote wanaitikia: mwanangu, siye!

Na kuna kisa cha tatu kwa wanaopenda mambo ya kuchunguza. William Hichens, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko Lindi, aliandika mwaka 1937 juu ya mngwa, jina jingine la nunda: paka mkubwa kama punda, mwenye mistari kama paka wa nyumbani, ambaye watu wa pwani walimhofia kweli kweli wala hawakumchanganya na simba au chui. Ni Hichens huyohuyo aliyehariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mtu aliyetuchapishia tungo za Muyaka ndiye aliyeandika pia hofu ya mngwa. Kumbukumbu zetu nyingi zimepitia mikono michache.

Viumbe wengine nao wametoka katika ngano za kweli?

Wengi. Feniksi, sfinksi wa Misri, kimera wa Ugiriki, kappa wa Japani, kelpie wa Uskoti, pepo wa majini; kwa Newt yule zimwi maarufu wa ziwa Loch Ness ni kelpie tu, mkubwa kuliko wote. Wengine, kama Niffler anayependa vitu vinavyong'aa, ni vya Rowling mwenyewe.

Mmoja alikuwa mnyama halisi, na yuko katika bahari yetu. Diricawl wa Mauritius ni ndege mnene asiyeruka anayeweza kupotea ghafla katika wingu la manyoya. Sisi tusio wachawi, anasema Newt, tulimwita dodo, na tukaamini kwamba tumemwinda mpaka akaisha. Wachawi wanajua bado yupo, lakini waliamua kutotuambia, kwa sababu kuamini hivyo kumetufundisha ubaya wa kuua ovyo. Dodo wa kweli hakupotea katika wingu lolote. Alimalizwa karne ya 17, chini ya miaka mia moja tu baada ya mabaharia wa Kiholanzi kuanza kutia nanga pale. Nikimaliza kusoma hapo huwa sina cha kuongeza, na watoto nao hunyamaza kidogo.

Je, kitabu kinafundisha uchawi? Nina wasiwasi na mwanangu.

Wasiwasi wako una msingi katika lugha yenyewe, na naomba nisiuchukulie kijuujuu. Kwetu mchawi ni mtu mbaya. Ni yule wa usiku, anayemdhuru jirani. Anayetibu ni mganga. Kiingereza cha hadithi hizi kina neno la mtu mwenye uwezo wa ajabu asiye na ubaya wowote, nasi hatuna neno lake kamili, kwa hiyo tunatumia “mchawi,” na neno linaingia nyumbani na mzigo wake wote.

Lililomo kitabuni ni maelezo ya wanyama. Hakuna maneno ya kuloga, hakuna dawa ya kuchanganya, hakuna ibada. Newt ni mtu wa wanyama kwanza, na anasema wazi kwamba anaandika ili vizazi vijavyo viwakute viumbe hawa wakiwa bado wapo. Hata hivyo usichukue neno langu. Ni kitabu cha saa mbili. Kisome wewe kabla ya mtoto, kisha uamue. Mzazi ambaye hata hivyo hataki neno hilo kwake ana haki yake, nami huwasomea watoto wake ngano nyingine.

Nataka kuwasomea kwa Kiswahili. Majina nifanyeje?

Majina ya kubuni yaache. Niffler ni Niffler. Mtoto hatapungukiwa na kitu, na akikutana naye kwenye filamu atamtambua. Wale ambao lugha ina neno lao, tumia neno letu: joka, jitu, farasi wa mabawa, mzuka, nguva. Kwa nguva eleza kidogo, kwa sababu ni jina la mnyama halisi wa baharini anayenyonyesha, ambaye wavuvi wetu wanamjua na ambaye sasa ni wa nadra. Mtoto wa pwani akisikia nguva anaweza kumfikiria huyo, na si vibaya akawafikiria wote wawili.

Kwa mbwamwitu-mtu nimejaribu njia nyingi. Siku hizi nasema tu “mtu anayegeuka mbwamwitu mwezi ukiwa mpevu,” mara ya kwanza, halafu naendelea na “mgeuka.” Watoto wameipokea.

Lazima nisome Harry Potter kwanza?

Hapana. Utakosa baadhi ya utani wa pembeni, basi.

Matoleo ni mengi. Ninunue lipi?

Ukitaka miandiko ya Harry na Ron, tafuta la 2001, mara nyingi kwa wauza vitabu vya mitumba. Ukitaka wanyama wengi zaidi, chukua la 2017: lina dibaji mpya ya Newt na viumbe sita wa Marekani walioongezwa, akiwemo Thunderbird, ndege wa dhoruba. Mwaka huohuo lilitoka pia toleo kubwa la michoro ya rangi ya Olivia Lomenech Gill, na kwa kusomea watoto wengi kwa pamoja hilo ndilo bora, kwani wa nyuma naye anaona.

Jihadhari na kitu kimoja. Kuna kitabu cha 2016 chenye jina karibu sawa ambacho ni mswada wa filamu, mazungumzo ya wahusika mwanzo hadi mwisho. Watu wengi wamekinunua kwa makosa kupitia mtandaoni. Soma maelezo kabla ya kulipa.

Filamu zinahusianaje na kitabu?

Filamu ya 2016, iliyoongozwa na David Yates, inamwonyesha Newt akiwa kijana New York mwaka 1926, sanduku mkononi, bado anaandika kitabu ambacho kitatoka mwaka unaofuata. Eddie Redmayne ndiye aliyeigiza, na ndiye pia aliyekisoma kitabu kwa sauti katika toleo la kusikiliza. Nundu anaonekana kidogo ndani ya sanduku, juu ya mwamba, akitutumua shingo. Filamu mbili zilizofuata, 2018 na 2022, zinahusu zaidi vita vya wachawi. Wanyama wamerudi pembeni, na mimi nilisikitika.

Ni kweli pesa zake zilikwenda kwenye hisani?

Kweli. Mwandishi wa filamu Richard Curtis alimwomba Rowling aandike kitu kwa ajili ya Comic Relief, shirika la hisani la Uingereza ambalo Curtis na mchekeshaji Lenny Henry walilianzisha 1985 kwa sababu ya njaa ya Ethiopia. Akaandika hiki na pacha wake, Quidditch Through the Ages, kuhusu mchezo wa wachawi, vikauzwa kwa bei ndogo na kukusanya mamilioni ya pauni kwa ajili ya watoto. Toleo la 2017 liliwaongeza Lumos, shirika la Rowling mwenyewe linaloshughulikia watoto waliowekwa katika vituo vya malezi.

Watoto wangu wanataka kuandika kitabu chao cha viumbe. Waanzeje?

Wape daftari na uwatume kwa babu na bibi. Kila ukurasa uwe wa kiumbe mmoja, kwa mpango wa Newt: jina, anapoishi, anachokula, alama zake, idadi ya X. Waandike walivyosikia, wasirekebishe. Mmoja akisema zimwi ana jicho moja na mwingine akasema mawili, waandike yote mawili na majina ya waliosimulia.

Barazani kwetu daftari limefika ukurasa wa kumi na tisa. Ukurasa wa nunda uliandikwa na msichana wa darasa la nne, kwa penseli, na kwa ruhusa yake naunakili ulivyo: “Nunda. Anaishi mlimani. Anakula ndama, mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia, watu. Zamani alikuwa paka wa mtu. X tano. Ukimuua mpeleke kwa mama kwanza.”